Chupa Niliyoiosha

Jumapili, 5 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Katika barua hii naahidi kukueleza kila kitu, bila kupunguza wala kutia chumvi, maana mwalimu wetu wa sayansi husema anayeficha ugonjwa hawezi kumlaumu mganga.

Sote hatujambo isipokuwa mdogo wangu, Kasuku. Unakumbuka tulimpa jina hilo kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea vizuri. Ulipokuja mara ya mwisho alikufuata hadi mlango wa choo akikuuliza kwa nini watu wakubwa hufunga mlango. Shangazi, siku hizi haulizi. Anakaa tu. Anashika tumbo, anakataa chakula, analia kwa jambo dogo, kisha ananyamaza akiangalia ukuta. Zamani alikuwa akihesabu vidole vyangu vyote, na akimaliza anadai nimpe vingine. Jana nilimpa mkono ahesabu, akaushika tu.

Mama amempeleka zahanati. Kwanza walimpa dawa ya minyoo, safari ya pili wakampa ya kuongeza damu. Mama Pacha, jirani yetu, anasema ni kijicho cha watu, mtoto alisifiwa mno. Baba anasema ni kiburi cha umri na kitamtoka chenyewe. Mama nimemwona akisimama nyuma ya mtoto na kumwita kwa sauti ndogo, kumjaribu kama anasikia.

Wiki hii mwalimu alitufundisha kwamba maji yanaweza kuonekana safi na bado yakawa na madini yaliyoyeyuka ndani yake, hasa yakipita kwenye mabomba ya kale. Bomba letu lina umri mkubwa kuliko nyumba. Nikakukumbuka wewe. Najua kazi yako ni kupima maji, ingawa sijui huwa unapimaje. Je, unaweza kuyapima ya kwetu?

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya mama husikika hadi barabarani, na sitaki baba aseme natisha watu. Baba hajambo. Anashinda na betri zake mchana kutwa. Anakusalimu sana.

Ni mimi mpwa wako.


11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, koti la maabara mwilini, mlango wa friji wazi. Unaandika kama karani wa mahakama, na nasema hivyo kwa kukusifu.

Nitayapima. Ukitaka kujua ninavyopima, ni hivi. Namimina maji kwenye kikombe kidogo cha kioo, natia tone la asidi, nachovya vijiti vitatu vilivyounganishwa na mashine. Ncha ya kijiti kimoja imepakwa zebaki, nyembamba kuliko rangi ya kucha. Nakipa umeme hasi, nao huyavuta madini yaliyotawanyika majini yakaganda pale, huku kisumaku kikikoroga chini. Hapo lazima mtu awe na subira, maana tunatafuta kitu kichache mno. Ni kama kuwaita watu waliozagaa sokoni waingie chumba kimoja ili uwahesabu. Wakishakusanyika nazima kisumaku, maji yanatulia. Kisha naugeuza umeme polepole, na kila aina ya madini huachia kwa zamu yake. Zinki hutangulia, kisha kadimi, kisha risasi, na shaba huwa ya mwisho, kama mgeni asiyejua kuaga. Kila moja ikiachia, mashine inachora kilima. Mahali kilima kilipo panakwambia ni madini gani. Urefu wake unakwambia ni kiasi gani.

Nimekutumia chupa kwa basi. Ilikuwa imelazwa ndani ya asidi, nikaisuuza mwenyewe. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua bomba, ijaze hadi shingoni, ifunge, uirudishe kwa dereva yuleyule.

Mwambie kaka yangu nimefurahi kuwa kazi ya dukani aliyonieleza imemkaa. Afadhali kuuza betri mpya kuliko kupasua zilizokufa na kuziyeyusha. Nilipomsihi aiache kazi ile nilidhani nampigia mbuzi gitaa. Kumbe ndugu yangu ana masikio. Msalimie na wifi yangu, mwambie asikonde.

Shangazi yako.


19 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Chupa ilifika salama, na leo naikabidhi kwa dereva ikiwa imejaa. Juu ya usafi usiwe na wasiwasi, nimeihudumia kama chombo cha mgeni. Nilijaza alfajiri, mama akiwa amezuia kila mtu jikoni, hata baba aliyetaka kunawa uso ilibidi asubiri na sabuni machoni. Kasuku alisimama kuniangalia. Zamani angeniuliza maji yanasafiri kwenda wapi.

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chai. Nilipofika pale pa dukani baba alicheka, akaichukua, akaikunja, akasema, "Shangazi yako ana maneno." Mama akaangalia kikombe chake. Mimi nilitaka kukuandikia kidogo kuhusu jambo hilo, lakini nimelelewa kwamba mtoto hasahihishi mazungumzo ya wakubwa, basi nikaona nibaki kwenye habari za maji.

Nasubiri vilima vyako. Naomba visiwepo.

Mpwa wako.


26 Februari

Mpwa wangu,

Nakuandikia bila kuzunguka. Ndani ya chupa yako mna risasi. Si ya bunduki; ni yale madini mazito ya kijivu ambayo mafundi wa zamani walitengenezea mabomba. Nilipima, nikapima tena. Kisha nikaongeza tone la risasi ambayo kiasi chake nakijua, nikaangalia kilima kinapanda kwa kadiri gani, ili mashine isinidanganye. Haikunidanganya. Ni nyingi, mara kadhaa kupita inavyoruhusiwa kwenye maji ya kunywa.

Kuyachemsha hakusaidii. Mtu yeyote nyumbani asinywe wala asipikie maji ya bomba hilo, na Kasuku asiyaguse. Tafuteni kisima au chemchemi, hata kama ni mbali. Risasi ikimwingia mtoto humshika tumbo, humla damu, kisha hupanda kichwani. Maneno yake yamepotelea huko. Mkiifunga njia mapema yanaweza kurudi.

Umefanya jambo kubwa, mwanangu. Mwalimu wako apewe kiti.

Shangazi yako.


12 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumefanya kama ulivyosema. Baba alilifunga bomba kwa waya. Mama sasa huchota maji kisimani, ng'ambo ya reli, na kwa kuwa foleni ni ndefu huondoka nikienda shule na kurudi jua likiwa kichwani, kisha huenda tena jioni. Shingo inamuuma, lakini ukimpa pole anakujibu kwamba shingo ni yake na mtoto ni wake.

Barabara nzima imejua. Kuna waliotushukuru na kuna wanaosema tunataka kodi ishushwe. Mama Pacha alikuja kusimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwambia mama kwamba pacha wake wamekunywa maji hayo tangu wakiwa tumboni, na jana tu wamepanda juu ya paa la kanisa na kushushwa kwa ngazi. Kama hiyo ndiyo risasi, basi na amwongezee kikombe. Mama alicheka mpaka akalia. Halafu akaendelea kulia.

Maana Kasuku hana nafuu hata kidogo, Shangazi. Nilidhani tungeona tofauti kufikia sasa. Nilimwahidi mama. Mama akiwa kisimani na mimi shuleni, Kasuku anashinda na baba kazini kwake. Zamani alikuwa akienda na mama kila mahali, mgongoni au mkononi, lakini mama hawezi kumbeba pamoja na ndoo. Baba hakunung'unika hata mara moja. Anamlisha mkate kwa mkono wake, kipande kimoja yeye kipande kimoja mtoto, na mtoto akikataa kulala anamlaza kifuani na kufanya kazi kwa mkono mmoja. Sijawahi kumwona baba akiwa mpole hivyo.

Lakini juzi Kasuku alianguka akitembea, mahali hapana jiwe. Na Ijumaa niliporudi shule aliniangalia kama anayetafuta jina langu, kisha akaacha kulitafuta.

Je, risasi huchukua muda gani kutoka?

Mpwa wako.


19 Machi

Mpwa wangu,

Habari ya wale pacha juu ya paa imeninyima usingizi. Bomba ni moja, barabara ni moja. Risasi haichagui mlango.

Nilimweleza mkuu wetu wa maabara, ambaye sisi tunamwita Miwani kwa kuwa huwa nayo mitatu na haoni hata mmoja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na chupa ya kulinganishia iko wapi?" Kila siku ninapopima maji ya watu wengine hutuma na chupa isiyo na kitu ifuatane na zile nyingine, ikapitie mikono ileile na hewa ileile, nijue kilichomo kimetoka majini au kimetoka njiani. Kwa ndugu zangu sikutuma. Nilikuwa na haraka ya kuwasaidia.

Sasa natuma chupa mbili. Moja ni tupu. Ya pili ina maji yetu ya maabara, yasiyo na madini yoyote. Chukua ile tupu uifanyie kila kitu ulichoifanyia chupa ya kwanza, kwa utaratibu uleule, mahali palepale. Kisha, badala ya maji ya bomba, mimina humo haya maji yangu. Funga, rudisha. Na kwenye karatasi niandikie kila ulichokifanya, hata kile unachoona si cha kuandikwa.

Pia nieleze Kasuku anashinda wapi hasa hapo dukani, na kuna nini karibu naye.

Shangazi yako.


28 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umesema niandike hata kisichoonekana cha kuandikwa, basi nimejiona nimepewa ruhusa.

Chupa yako ilipofika niliiosha kwa sabuni, nikaisuuza. Ulikuwa umeshaisuuza, najua, lakini ilikuwa imepanda basi, na mama alinifundisha kwamba chombo cha mtu hakitiwi kitu kabla ya kuoshwa. Kisha nikaikausha ndani kwa kitambaa cheupe nilichokizungushia kijiti. Kitambaa kilikuwa safi, nilikianua kwenye kamba ya uani. Halafu nikaiacha ikapigwa na hewa juu ya meza iliyoko uani, na asubuhi nikajaza. Na hii ya pili nimeifanyia hivyohivyo.

Kuhusu duka, Shangazi, hakuna duka. Nilidhani unajua, na baadaye nilidhani ni mzaha wenu wakubwa. Baba alifukuzwa pale alipokuwa na kibanda kwa sababu ya moshi, na tangu mwaka jana kazi yote ameihamishia uani kwetu. Anapasua betri kuukuu kwa shoka dogo, anamwaga asidi kwenye shimo, anazitoa zile sahani za ndani na kuziyeyusha kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Ikishayeyuka inang'aa kama kioo. Ile ya kijivu inayobaki juu anaichota na kuitupa kando ya ukuta. Yeye na wenzake huiita "mali" tu. Kasuku ametandikiwa gunia upande upepo unakotoka ili moshi usimfikie, na huchezea ule unga wa kijivu akitengeneza barabara. Baba akimaliza kazi anamchukua mapajani na kumsimulia hadithi huku bado ana nguo zake za kazi, maana akiingia kubadilisha mtoto hulia.

Nasikia mama ananiita, na sauti yake si ya kawaida. Mama Pacha anakwenda stendi sasa hivi, nitampa barua na chupa. Nitakuandikia ny


30 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako imenifikia saa hii na naijibu nikiwa ofisi ya mabasi. Sikungoja kuipima chupa. Nimepiga simu ya mama yako tangu asubuhi, haipatikani.

Mali anayoyeyusha baba yako ndiyo risasi. Ule unga ni risasi. Mtoeni mtoto uani leo, si kesho. Mvueni nguo, muogesheni mwili mzima na nywele, mumkate kucha. Asishikwe na mtu mwenye nguo za kazi. Mpelekeni hospitali kubwa, msikubali dawa ya minyoo, mumwonyeshe daktari karatasi hii: mtoto amekaa penye moshi na unga wa risasi, apimwe damu.

Mwambie kaka yangu sina hasira naye. Mwambie hivyo kwanza, kabla ya mengine.

Shangazi.


2 Aprili, wodi ya watoto

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ililetwa na dereva mwenyewe hadi nyumbani, lakini sisi tulikuwa tumeshakuja hapa, Mama Pacha akatuletea. Siku ile mama aliponiita ilikuwa ni degedege. Kasuku alikuwa anatetemeka juu ya gunia lake na macho yamegeuka, na baba alimwinua na kukimbia naye hadi barabarani, akasimamisha lori la mchanga. Alimkumbatia njia nzima. Shangazi, alikuwa na nguo za kazi.

Daktari alisoma karatasi yako akaniuliza nani aliyeiandika. Nikasema shangazi yangu, anapima maji. Akasema basi shangazi huyo atapima na damu, kwa sababu hapa hawana mashine ya namna hiyo. Kichupa kinakuja kwako kwa basi ndani ya barafu. Hiki sikukiosha. Sikukigusa kabisa.

Wakamwita baba kwenye korido wakamweleza. Alimwomba daktari arudie. Daktari akarudia taratibu, akamwonyesha mikono yake, nguo zake, viatu. Baba alijua kwamba mali ile ni risasi, lakini alidhani humdhuru anayevuta moshi wake tu, ndiyo maana alichunga upepo kila siku. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo ni mimi." Nilimpa ujumbe wako kwamba huna hasira. Aliitikia kwa kichwa, akatoka nje, na muuguzi akapangusa benchi alilokalia kwa kitambaa kibichi. Alikuwa anafanya kazi yake, lakini baba alikuwa bado mlangoni, akaona.

Kasuku amelala. Ana dripu mkononi. Mama hajala.

Mpwa wako.


7 Aprili

Mpwa wangu,

Daktari wenu ameshapata jibu kwa simu, kwa hiyo hii si ya haraka. Naiandika kwa sababu nilikuahidi moyoni kutokukuficha tena.

Niliiandaa damu ya Kasuku, nikakusanya kwa muda wa kawaida, nikageuza umeme. Kilima kilipanda kikatoka juu ya ukurasa. Nikadhani nimekosea mahali. Nikafupisha muda wa kukusanya, kikatoka tena. Mara ya tatu nilikusanya kwa muda mfupi kama wa kupiga chafya, ndipo kikaenea kwenye karatasi. Miaka yangu yote hapa nimeona vilima vya mito ya viwandani visivyofika hapo. Miwani alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinishika bega, kisha akaenda kumpigia daktari yeye mwenyewe, maana aliona sauti yangu haipo.

Chupa ya kulinganishia nayo nimeipima. Maji niliyokutumia yakiwa hayana kitu yamerudi na risasi ileile kama ya kwanza. Imetoka kwenye kitambaa na kwenye hewa ya uani. Mama Pacha, Mungu ampe maisha marefu, siku aliyokwenda stendi alijaza kwake ile chupa iliyobaki tupu ulipomimina maji yangu, akaituma pamoja na yako bila kuiosha kwa kuwa, alimwambia dereva, yeye hana muda wa kuosha vyombo vya serikali. Maji yake hayana risasi ya kutajwa. Bomba lenu ni zima. Fungueni waya, wifi apumzishe shingo.

Najua tayari umeshafika mbali na mawazo yako, kwa hiyo nitakwambia kabla hujaniuliza. Ndiyo, jibu langu la kwanza ndilo lililompeleka mama yako kisimani, na mtoto kwa baba yake. Jibu lilikuwa langu. Huku kwetu hakuna anayehitaji kuambiwa asiioshe chupa, nikasahau kwamba wewe umelelewa kuosha. Usijibebeshe. Na alikuwa akikaa uani tangu mwaka jana, hata kabla ya chupa. Wiki zile zilizidisha, hazikuanzisha.

Dawa anayopewa huikamata risasi kwenye damu na kuitoa kwa mkojo. Iliyoingia mifupani hutoka polepole sana. Iliyopita kichwani, sitaki kukudanganya, hakuna mashine inayoweza kuniambia imechukua nini. Itabidi tumsikilize yeye.

Shangazi yako.


Jumapili, 21 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumerudi nyumbani, na sasa nakueleza yote.

Kasuku anakula. Tumbo limetulia, na anatembea bila kuanguka ingawa hushika ukuta. Amemaliza awamu ya dawa na atarudi kwa nyingine. Anajua mlango wetu na anamjua paka wa jirani. Maneno yamekuwa machache. Anasema "maji", anasema "hapana", na jana alisema "mama" kwa sauti kubwa, mama akamwaga mchele wote chini, na alipoinama kuuokota hakuinuka upesi. Jina langu bado. Kila jioni nampa mkono wangu. Daktari anasema tusimlazimishe, basi nauacha tu hapo, karibu naye.

Uani hapakaliki tena, na hapakaliki kwa sababu baba amepakwangua pote. Wakati sisi tuko wodini alichimba udongo hadi akaufikia mwekundu, akaulowesha kwanza usipeperuke kama daktari alivyomwelekeza, akaupakia kwenye mifuko, na watu wa mazingira wakaja kuuchukua. Kamba ya nguo ameikata. Meza ameichoma, kisha akaambiwa hakupaswa kuichoma, akakaa chini na kushika kichwa. Mama alipoona ukuta umesuguliwa hadi lipu imetoka, alienda kumtafutia chakula.

Lakini baba hakukaa nasi. Amekwenda kwa mafundi wenzake kule nyuma ya maghala, mbali na nyumba za watu, na analala hukohuko. Nilimwambia aiache kazi hii kabisa. Akaniuliza ataweka nini mezani, maana mikono yake haijajifunza nyingine, na dawa za mtoto hazingoji aanze uanagenzi. Amepata barakoa nzuri na ovaroli anazoziacha kule kule. Anatuletea matumizi kupitia kwa Mama Pacha, ambaye siku hizi hamtanii hata kidogo, na mimi naona afadhali angemtania.

Juzi mwalimu wa Kiswahili alitupa insha ya methali: kikulacho ki nguoni mwako. Wenzangu wote waliandika juu ya marafiki wabaya. Mimi nilirudisha karatasi nyeupe. Mwalimu hakunigombeza, aliniambia tu niende nikanywe maji. Nilikunywa ya bomba.

Nayawaza maneno yako kwamba nisijibebeshe. Nayajaribu. Mchana naweza.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike leo. Kila siku jioni baba huja hadi kwenye geti, hapo nje, kuuliza hali. Haingii. Huwa ameshaoga na kubadilisha, nywele zina maji bado, lakini haingii, na hata mimi akinipa kitu hukiweka juu ya nguzo nikichukue mwenyewe. Tulikuwa tukimfungia Kasuku ndani asimwone, kwa kuwa baba ndiye aliyeomba hivyo. Jana alitoroka. Alishika ukuta, akashika mlango, akaenda hivyo mpaka getini, akasimama mbele yake. Akamwangalia muda mrefu, kama alivyoniangalia mimi siku ile. Kisha akanyanyua mikono yote miwili, akasema, "Beba."

Shangazi, lile neno limerudi. Hajalisema tangu mwaka jana. Mama alilisikia, mimi nililisikia, na Mama Pacha alilisikia kwake.

Baba aliweka mikono yake nyuma. Akarudi hatua moja. Kasuku akasema tena, na tena, mikono ikiwa juu, mpaka ikachoka ikashuka yenyewe. Nikamchukua mimi. Alikuwa hanitaki mimi.

Baba aliondoka bila kuaga, lakini leo asubuhi amemtuma Mama Pacha aniambie nikuulize. Nilishamuuliza daktari tukiwa wodini, naye alisema ndiyo, akioga vizuri. Baba anasema daktari anasema hivyo kwa kumhurumia, na kwamba atakayemwamini ni wewe, kwa sababu wewe ulipima.

Basi nakuuliza kwa niaba yake, na naomba unijibu kwa basi la kesho, dereva ameahidi kungoja. Kama ameoga mwili mzima, na kucha zimekatwa, na shati ni lile la harusini ambalo halijawahi kufika kazini, je, anaweza kumbeba?

Mpwa wako.